Kiasi Gani, Mara Ngapi, Mpaka Lini: Mazungumzo na Akina Mama wa Moshi

Mama zangu, shikamooni. Dada zangu, habari za mchana. Akina baba mliokuja, karibuni, na asanteni kwa kuja.

Tumeombwa tuzungumzie malezi, kuanzia kichanga wa siku moja mpaka kijana anayejifungia chumbani na simu. Hayo ni mambo ya miaka 18 na tumepewa muda wa mchana mmoja, kwa hiyo mahali pengine nitapita mbio na mahali pengine nitakaa kitako. Ila kuna jambo moja nitalishikilia tangu mwanzo. Mama wa Moshi hakosi ushauri. Akijifungua tu, mama mkwe ana lake, wifi ana lake, jirani ana lake, muuza duka la dawa ana lake, na simu inaleta mengine mia. Anachokosa ni kipimo. Anaambiwa "mnyonyeshe vizuri", haambiwi mara ngapi. Anaambiwa "mpe uji mzito", haambiwi mzito kiasi gani. Anaambiwa "akizidiwa mpeleke hospitali", na hakuna anayemweleza kuzidiwa kunaonekanaje. Ushauri wa namna hiyo humwachia mama wasiwasi, na mtoto akiumwa humwachia lawama. Basi leo nidaini vipimo.

Tuanze na maziwa, maana huko ndiko vilio vya wiki ya kwanza vinakotoka.

Siku ya kwanza tumbo la kichanga hubeba kidogo sana kwa mlo mmoja, kama mililita 5 hadi 7, yaani kijiko cha chai kimoja na kidogo. Ile dang'a ya manjano inayotoka tone kwa tone inamtosha kabisa. Maziwa mengi huanza kuingia kati ya siku ya 2 na ya 4. Katikati hapo ndipo nyumba inapoingiwa na hofu: "maziwa hayajatoka, mtoto atakufa njaa," na kikombe cha maji ya sukari au maziwa ya ng'ombe kinaletwa. Mtoto akishiba hicho hanyonyi, asiponyonya titi halipati taarifa ya kutengeneza, na siku ya tano maziwa yanakuwa haba kweli. Watu wanasema, si mlisikia, hana maziwa! Kumbe kikombe ndicho kilichoyapunguza.

Kichanga anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Utajuaje anapata? Usitazame titi kujaa wala kulegea. Tazama nepi. Kuanzia siku ya 5 alowanishe nepi 6 au zaidi kwa siku, na mkojo uwe mweupe. Tazama na mzani wa kliniki. Siku za mwanzo watoto wote hupungua uzito kidogo. Mtoto wa kilo 3.2 akishuka hadi kilo 3 hajadhoofu. Akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuzaliwa, au wiki 2 zikapita bila kurudi alipoanzia, hapo tuna kazi ya kufanya pamoja.

Chuchu zikipasuka, wengi huambiwa ngozi itakomaa, vumilia. Hapana. Chuchu hupasuka kwa sababu mtoto ameshika ncha tu na kuitafuna. Mweke hivi: tumbo lake litazame tumbo lako, kichwa na mgongo viwe mstari mmoja, pua yake iwe usawa wa chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, usubiri apanue mdomo kama anayepiga miayo, kisha mlete yeye kwenye titi, wala usiinamie wewe kumfuata. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinuke nje, na ule weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Ukisikia maumivu makali yasiyokoma baada ya mafunda ya mwanzo, ingiza kidole kidogo pembeni mwa mdomo, mwachishe, anza upya. Hata mara nne, tano. Ukimaliza, kamua matone machache upake kwenye chuchu, uache ikauke. Titi likiwa na sehemu nyekundu, ya moto, inayouma, nawe una homa, endelea kunyonyesha titi hilohilo, na saa 24 zikipita bila nafuu nenda kituo cha afya upate dawa kabla halijawa jipu.

Sasa mtori. Desturi ya huku mlimani ya kumlaza mzazi, kumpikia na kumpumzisha ni katika mambo bora tuliyorithi, na naona vibaya inavyopotea mjini, ambako mama wa siku 4 anafua mwenyewe. Mtori wa ndizi mshare na nyama ni chakula kizuri: una nguvu, una madini ya chuma, unalainika vizuri tumboni. Anayenyonyesha anahitaji chakula cha ziada sawasawa na mlo mmoja wa kawaida juu ya milo yake mitatu, na anywe kitu kila anaponyonyesha. Lakini sufuria nzima ya mtori wala uji uliojaa pilipili manga haviongezi maziwa kama mtoto hanyonyi. Anayeagiza maziwa ni mtoto. Mkimlisha mzazi mtori, mwondoleeni pia ndoo na kufua, apate nafasi ya kunyonyesha mara kumi.

Kukandwa nako nikuseme. Maji ya moto makali juu ya tumbo hayatoi damu chafu wala hayarudishi tumbo. Mfuko wa uzazi hujirudisha wenyewe, na kunyonyesha kunausaidia. Tunachokiona ni ngozi iliyoungua, na kwa waliofanyiwa upasuaji, mshono unaofumuka. Maji ya uvuguvugu ya kuoga yanatosha.

Kitovu hakihitaji kitu isipokuwa kile ulichopewa kliniki. Mafuta, majivu, kinyesi cha ng'ombe, dawa ya meno, vyote huingiza wadudu, na mdudu mmojawapo ni wa pepopunda. Kunja nepi chini ya kitovu kipate hewa. Hudondoka kati ya siku ya 5 na ya 15. Wekundu ukitambaa kwenye ngozi ya tumbo au usaha ukitoka, mpeleke siku hiyohiyo.

Hapa naomba masikio yote, hasa mnaokaa Kibosho, Uru, Machame, Marangu na huko juu zaidi. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi inakaza, na jiko la mkaa linaingizwa chumbani kwa mzazi. Watu huliingiza moshi ukishakwisha na mkaa ukiwa mwekundu safi, wakidhani sasa ni salama. Hapo ndipo lilipo hatari zaidi. Mkaa uliokolea hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Hamtakohoa, macho hayatawasha. Dalili ya kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi mzito, na katika chumba kilichozibwa madirisha kwa nguo na mlango kwa kanga, usingizi huo haumwamshi mtu. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi kukupa uhakika. Jiko lisilale chumbani, nukta. Mkikuta mtu amelegea, mtoeni nje kwenye hewa kwanza, maswali baadaye, kisha hospitali apate oksijeni.

Joto la kichanga litoke kwako. Mvue abaki na nepi na kofia, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, jifunikeni kitenge na blanketi juu. Kwa njia hiyo vichanga waliozaliwa na kilo 1.5 wanatunzwa wakakua. Akilala mwenyewe, mvalishe safu moja zaidi ya uliyovaa wewe, alale chali, na uso usifunikwe. Ukitaka kujua kama ana baridi usipime mikono, mikono ya kichanga hupoa upesi. Weka kiganja kifuani au mgongoni. Joto lake liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Na safu tano za sweta kwenye jua la saa sita za mchana hapa mjini chini ni kumpikia homa.

Mtoto analia jioni, kila jioni, tangu saa 11 mpaka saa 3 usiku, amekunja miguu, uso mwekundu. Kwa mtoto mwenye afya kilio hiki huanza wiki ya 2 au ya 3, hufika kilele kama wiki ya 6, na hupungua akifika miezi 3 hadi 4. Kama ananyonya, anaongezeka uzito na hana homa, hana chango wala hajarogwa. Mbebe wima, mtembeze, mpe baba. Akina baba mna kifua kipana na mmekuja wenyewe leo, nawapa zamu ya saa 1 mpaka saa 3. Mama akiona hasira zinapanda, amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje dakika 5. Mtoto kulia dakika 5 hakumdhuru. Kutikiswa kwa hasira kunaweza kumwacha na damu kwenye ubongo.

Sasa, "akizidiwa". Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, hivi ndivyo kuzidiwa: hanyonyi au ananyonya kwa shida, degedege, amelegea, hajisogezi mpaka umguse, joto linafika nyuzi 37.5 au zaidi, au liko chini ya 35.5; kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi; anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika; ngozi kuwa ya manjano siku ya kwanza, au manjano yaliyofika viganjani na nyayoni. Moja tu katika hizo linatosha, usisubiri la pili. Manjano ya nyayoni hayaishi kwa kumwanika dirishani.

Kuhesabu pumzi kila mmoja anaweza. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Inua nguo, tumbo na kifua vionekane. Weka simu ihesabu dakika 1 kamili, usihesabu nusu ukazidisha, maana kichanga hupumua kwa kukatakata. Kupanda na kushuka ni moja. Miezi 2 mpaka mwaka, hatari ni 50 na kuendelea. Mwaka 1 mpaka 5, ni 40 na kuendelea. Mwenye kikohozi na pumzi za namna hiyo huenda ni nimonia, na nimonia inataka antibiotiki, haitaki kukatwa kimeo. Kimeo hakisababishi kikohozi. Kukikata huleta damu kumwagika na maambukizi, na ugonjwa wenyewe unaendelea kula mapafu.

Dada yake kimeo ni meno ya plastiki. Mtoto wa miezi 4 au 6 anaharisha, ana homa, bibi anafungua mdomo na kuona uvimbe mweupe kwenye ufizi, mahali pa chonge. Uvimbe huo watoto wengi wanao, wanaoumwa na wasioumwa. Ni jino la kawaida linalojitengeneza chini ya ufizi. Akienda kung'olewa kwa msumari au spoku ya baiskeli, anarudi akivuja damu, akiwa bado anaharisha, na meno ya ukubwani yatakuja yamepinda au hayatakuja. Bibi msimgombeze, ana nia njema. Mwonyesheni mtoto mwingine mzima mwenye uvimbe uleule.

Kwa anayeharisha kinachoua ni maji kupotea, kwa hiyo tuyarudishe. Pakiti ya ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, soma nyuma: nyingi ni za lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, nyingine ni za nusu lita. Ukikosea kipimo chumvi inazidi. Chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha. Zaidi ya miaka 2, 100 hadi 200. Kwa kijiko, taratibu. Akitapika, subiri dakika 10, uendelee polepole zaidi. Kilichobaki baada ya saa 24 mwaga. Na zinki kila siku kwa siku 10: miligramu 20, au nusu yake kwa aliye chini ya miezi 6. Wengi huacha zinki siku ya 3 mtoto akipona, nayo ndiyo inayomkinga asiharishe tena miezi inayofuata. Macho yakidumbukia, ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi, hanywi, au kuna damu kwenye choo, hospitali.

Mama mwenyewe mara nyingi amesahaulika hapo. Mpaka siku ya 42 bado ni mzazi. Damu inayolowesha pedi ndani ya saa moja, homa, uchafu wenye harufu, kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma: usiku huohuo twende. Machozi ya siku ya 3 mpaka ya 10 ni ya kawaida. Yakizidi wiki 2, au halali hata mtoto akilala, hali chakula, haoni faida ya kuishi, anaogopa atamdhuru mtoto, huo ni ugonjwa na una tiba. Akina mama wa maombi, mwombeeni na mmpeleke. Na hili la kubemenda: mtoto hadhoofiki kwa sababu wazazi wamelala pamoja. Hudhoofika kwa kukosa chakula, kwa ugonjwa, au mama akipata mimba upesi na kumwachisha ziwa ghafla. Dawa ni uzazi wa mpango, mzungumze mkiwa wawili, kliniki ipo.

Kuhusu kazi nitasema kwa kifupi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba siku 3 zisizopungua, ndani ya siku 7 tangu kuzaliwa. Ukirudi kazini una haki ya mpaka saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Muuza ndizi wa Mbuyuni hana mwajiri wa kumdai, kwa hiyo ajue kukamua: nawa mikono, kidole gumba juu na vidole vingine chini, sentimita 3 au 4 nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia, zunguka titi lote. Usiteleze kwenye ngozi. Chombo kilichochemshwa, chenye kifuniko. Kwenye chumba kisicho na joto kali maziwa hukaa saa 4. Kwenye friji, siku 4, yakiwekwa ndani kabisa na siyo mlangoni. Kuyapasha, tumbukiza kikombe kwenye maji ya moto, usiyachemshe. Dada wa kazi ampe kwa kikombe. Chupa husafishika kwa shida.

Miezi 6 ikitimia, chakula. Hapa tuna ugonjwa wa kupenda unga wa lishe wa nafaka nane: mahindi, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, vyote mashine moja, vinakaa dukani miezi. Karanga zikishasagwa huchacha upesi, na mahindi au karanga moja yenye kuvu hugawa sumukuvu kwenye mfuko wote. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Afadhali nafaka moja safi, na karanga uzichague mwenyewe kwa mkono, iliyosinyaa na iliyobadilika rangi uitupe, kaanga, saga kidogo kidogo, utie wakati wa kupika: vijiko 3 vya unga kwa kijiko 1 cha karanga. Ongeza maziwa ukiepua. Na uzito? Chota kijiko, kiinamishe. Uji ukitiririka ni maji, ukishikilia kijiko ndio huo. Tumbo lake ni dogo, akijazwa uji mwepesi atalala ameshiba na njaa.

Anza na vijiko 2 au 3 vya chakula, mara 2 kwa siku. Miezi 6 hadi 8, ongeza mpaka nusu kikombe cha mililita 250, mara 2 hadi 3. Miezi 9 hadi 11, nusu kikombe mara 3 mpaka 4. Mwaka 1 hadi 2, robo tatu ya kikombe mpaka kikombe kizima, mara 3 au 4, na kitu kidogo katikati, huku akinyonya. Mtori huohuo wa mama unamfaa, nyama ukiichambua iwe laini. Supu peke yake ni maji yenye harufu ya nyama. Mpe nyama yenyewe, ini, yai, dagaa waliosagwa.

Kwenye chakula cha mtoto, magadi muyaache. Maharage, kiburu na makande vinaiva upesi kwa magadi, najua, na mkaa ni ghali. Lakini magadi ya kanda yetu yana floraidi nyingi, na maji ya visima vingi vya upande wa Meru, kama Maji ya Chai na Ngarenanyuki, nayo vilevile. Meno ya mbele ya ukubwani hutengenezwa ndani ya ufizi miaka 3 au 4 ya mwanzo. Yale meno ya kahawia mnayoyaona kwa vijana wetu yaliharibika kabla hayajaota, na mswaki hautayaosha. Kuchemsha maji hakupunguzi floraidi, kunaizidisha. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri karibu hayana floraidi, basi tenga dumu la mtoto. Na maharage loweka usiku kucha, umwage maji, yataiva.

Akianza kutembea, jikoni kwa mkaa chini sakafuni kuna mambo mawili. Akiungua, maji ya bomba ya kawaida yatiririke juu ya kidonda dakika 20. Siyo dakika 2. Hakuna yai, asali, dawa ya meno wala unga. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe na usimpe maziwa: yakirudi juu yanaingia mapafuni, na mapafu ndiyo yanayoua. Beba chupa, nenda naye. Na ni nani aliyeyatia kwenye chupa ya soda?

Umri wa shule ya msingi nitaupita. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Anayeamshwa saa 10 na nusu alfajiri asubiri basi la shule alale si zaidi ya saa 1 na nusu usiku, na hesabu hiyo ikishindikana, shule iko mbali mno. Mkoa wetu unapenda bweni. Machi 2023 serikali ilizuia bweni kwa walio chini ya darasa la 5, na mimi naunga mkono kwa mikono miwili; mtoto wa miaka 7 hawezi kukusimulia kwa simu kile ambacho angekuonyesha ukimwogesha.

Vijana sasa. Vipimo havijaisha, ila hapa mama hawezi kupima peke yake, lazima kijana akubali kupimwa naye.

Msichana huanza kubadilika kati ya miaka 8 na 13. Matiti yakianza kuchomoza, hedhi mara nyingi iko miaka 2 mbele, kwa hiyo muda wa kuongea ni huo, siyo siku ya damu. Mfungashie kifuko: pedi 3, chupi, sabuni ndogo, mfuko wa plastiki wa kurudisha chafu. Abadili kila saa 4 hadi 6. Pedi za kitambaa aanze kuziosha kwa maji ya baridi, maana ya moto hugandisha damu, kisha sabuni, kisha jua. Kuzianika chini ya kitanda kwa aibu ndiko kunakoleta muwasho. Miaka 2 ya kwanza hedhi kurukaruka ni kawaida. Ikizidi siku 7, au ikalowesha pedi kila saa 1 au 2, au maumivu yakamkosesha shule kila mwezi, apimwe damu na aonwe na daktari. Dawa ya maumivu imezwe baada ya chakula mara maumivu yanapoanza. Akisubiri yashike, inachelewa kufanya kazi.

Kuna chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini kwetu. Mkoa wa Kilimanjaro ulitangulia kwa majaribio mwaka 2014, nchi nzima ikafuata 2018, na tangu 2024 ni dozi 1 kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Haiondoi uzazi. Wasichana waliochanjwa hapa mwanzoni leo ni watu wazima, wengine wana watoto.

Wavulana tunawasahau. Wao huanza miaka 9 hadi 14. Sauti, harufu, ndoto za usiku, chunusi, kula sufuria nzima. Mwambieni kabla, baba au mjomba, kwa dakika 10 mkitembea au mkifanya kazi. Kijana ukimkalisha kiti cha mbele yako atajibu "ndiyo" na "hapana". Mkimenya ndizi pamoja, macho yakiwa kwenye kisu, atauliza mwenyewe.

Simu: kijana anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, na mwili wake kwa umri huo huleta usingizi kwa kuchelewa. Simu ikilala naye, usingizi umekwenda. Zote zichajiwe sebuleni kuanzia saa 3 na nusu usiku, ya mama na ya baba zikiwemo, la sivyo sheria haitadumu wiki. Kubeti mkuone mapema: anaomba hela ndogondogo mara kwa mara, vitu vinapotea nyumbani, furaha na hasira vinafuata mechi. Kufoka hakusaidii; kaeni naye na daftari mwandike zilizoingia na zilizotoka kwa mwezi mmoja.

Binti akipata mimba, usimfukuze. Tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyejifungua anaruhusiwa kurudi katika shule ya mfumo rasmi. Mpeleke kliniki mapema, mimba ya umri mdogo ina hatari ya kifafa cha mimba na uchungu uliokwama, kisha mpangie nani atabaki na mtoto saa za masomo.

La mwisho ni zito, na linahusu wa kike na wa kiume. Mtoto akifanyiwa ukatili wa kingono, saa zinahesabiwa. Asioge, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au khaki. Dawa za kuzuia VVU hufanya kazi zikianza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita zinapungua nguvu. Za kuzuia mimba ni ndani ya siku 5. Anza hospitali. Fomu ya PF3 ya polisi inahitajika, ila isikuzuie kumfikisha kwa daktari kwanza; kisha Dawati la Jinsia na Watoto. Msikubali kuyamaliza kwa kikao cha ukoo na mbuzi. Huduma ya simu kwa mtoto ni namba 116, bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Leo jioni mwambieni namba hiyo kabla hajalala, mwambie airudie.

Nimemaliza upande wangu. Waliokuja na kadi za kliniki, mzani uko meza ya kushoto; wanaotaka kujifunza kuhesabu pumzi waanze kujipanga kulia. Maswali tuyapokee sasa.